Wanaume saba wa jina moja

Alikuwa Mwingereza mweupe wa kawaida. Hakuwa na habari ya babu yeyote kutoka Afrika, wala hakuna aliyemtarajia awe naye. Alikubali kutoa sampuli ya vinasaba vyake kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester, kama walivyokubali mamia ya wenzake, na majibu yakasema kwamba kromosomu Y yake ni ya kundi A1. Kundi hilo ni la Afrika. Lilikuwa halijawahi kuripotiwa kwa mtu yeyote wa Uingereza, wala kwingineko Ulaya Magharibi. Na lilipolinganishwa na sampuli za Waafrika, lilielekea upande wa Afrika Magharibi.

Jibu kama hilo likitokea maabara, kwanza unashuku kwamba chupa zimebadilishana. Ukihakikisha hazikubadilishana, unabaki na swali moja: huyu kalitoa wapi? Turi King, Mark Jobling na wenzao walikuwa na kitu kimoja cha kushika, nacho ni jina la ukoo la yule bwana. Lilikuwa jina adimu la mashariki ya Yorkshire, ambalo katika taarifa yao ya mwaka 2007 hawakulitaja, ili wenyewe wasisumbuliwe. Waliwatafuta wanaume wengine wenye jina hilo hilo, wakawapima 18. Saba walikuwa na A1 ile ile.

Angekuwa anaitwa Smith, hadithi ingeishia maabara. Uingereza ina akina Smith zaidi ya nusu milioni, na kumtafuta ndugu kati yao ni kutafuta punje ya mchanga ufukweni. Jina lake lilikuwa la watu wachache, na uchache huo ndio uliofungua mlango.

Kiswahili kilifanya jambo la busara kilipoziita habari hizi za ndani ya seli vinasaba, maana nasaba imo humo humo. Kila mmoja wetu ana kromosomu 46, jozi 23, nusu kwa baba na nusu kwa mama. Mwili unapotengeneza mbegu au yai, kila jozi huchanganywa kama karata kabla ya kugawiwa, ndiyo maana ndugu wa tumbo moja hawafanani. Kromosomu Y peke yake haina mwenzi wa kuchanganywa naye, isipokuwa vipande vifupi mwishoni. Kwa hiyo baba humkabidhi mwanawe wa kiume karibu kama alivyoipokea yeye mwenyewe, na mwana humkabidhi mjukuu, na mjukuu kitukuu, na kitukuu kilembwe. Binti hapewi. Sasa tazama jina la ukoo la Kiingereza: linatoka kwa baba kwenda kwa watoto, na mabinti wakiolewa hupokea la mume. Jina na kromosomu hiyo husafiri mtumbwi mmoja.

Njiani huwa kuna mikwaruzo. Chukua hati inayonakiliwa kwa mkono kizazi baada ya kizazi. Kuna mistari ambamo neno moja limerudiwa mara kumi na moja, na mwandishi aliyechoka akaliandika mara kumi na mbili. Kwenye kromosomu Y kuna sehemu nyingi za aina hiyo, herufi nne kama GATA zikijirudia, na idadi ya marudio hubadilika mara chache sana, takriban mara moja katika kila watoto mia kadhaa kwa sehemu moja. Watafiti wa Leicester walisoma sehemu 77 za namna hiyo kwa wale wanaume. Ukisoma sehemu nyingi kiasi hicho, unaweza kutarajia kosa moja la unakili kila baada ya vizazi vichache, na ukihesabu makosa yanayowatofautisha watu wawili unapata makadirio ya lini babu yao alikuwa mmoja. Ni saa mbovu, lakini ni saa.

Waingereza nao hawakuzaliwa na majina ya ukoo. Yalianza kuenea baada ya Wanormani kuiteka nchi mwaka 1066, kwanza kwa mabwana wenye ardhi waliotaka mirathi ijulikane, kisha polepole kwa wakulima na mafundi, hadi kufikia mwaka 1400 hivi familia nyingi zilikuwa nayo. Johnson ni mwana wa John. Attenborough ni jina la kijiji cha Nottinghamshire. Smith ni mhunzi. Huku kwetu mtaani kila mtu anamjua Hamisi Dereva na Juma Fundi. Fikiria wajukuu wote wa Hamisi wangelazimika kuitwa Dereva hata kama wanalima mpunga, na wajukuu wa kila Dereva mwingine nchini vivyo hivyo. Baada ya miaka 700 ungekuwa na mamilioni ya akina Dereva wasiohusiana kwa lolote. Ndivyo ilivyo kwa Smith, kwa sababu kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake. Lakini jina linalotokana na shamba fulani, au na utani aliotaniwa mtu mmoja na majirani zake, huenda lilianza na mtu mmoja tu.

Aliyelipima wazo hili kwa vinasaba mapema alikuwa Bryan Sykes wa Oxford, na chanzo chake ni cha kuchekesha. Mwenyekiti wa kampuni kubwa ya dawa ya Glaxo Wellcome wakati huo aliitwa Richard Sykes, na watu wakawa wanamuuliza profesa kama ni ndugu yake. Hakujua. Wakapimana, wakakuta kromosomu Y zao zinafanana. Profesa akapata hamu, akawapima wanaume 48 wa jina hilo, ambalo ni la wenyeji wa upande wa magharibi wa Yorkshire na lina maana ya vijito au mitaro ya mashambani. Jina la kijito linaweza kuzaliwa popote penye kijito, kwa hiyo wajuzi wa majina walidhani Sykes ina waanzilishi wengi. Majibu, yaliyochapishwa mwaka 2000, yalionyesha wanaume 21 kati ya 48 wakiwa na kromosomu moja. Waliobaki walitawanyika bila kundi lingine kubwa. Kwa Sykes, hiyo ilikuwa dalili ya mwanzilishi mmoja na mapengo mengi njiani.

King na Jobling walikwenda mbali zaidi. Mwaka 2006 walichapisha matokeo ya wanaume waliopangwa wawili wawili: majina 150, na kila jina watu wawili wasiojuana. Robo ya jozi hizo walikuwa na babu wa karibu. Kwa nusu ya majina yaliyo adimu zaidi, walikuwa karibu nusu ya jozi. Mwaka 2009 wakaja na wanaume 1,678 wa majina 40, na picha ikawa wazi kabisa. Akina Smith walikuwa kama watu waliookotwa barabarani, hawana ukaribu zaidi ya ule wa mtu na mpita njia. Kwa akina Attenborough, asilimia 87 ya wanaume walikuwa na kromosomu ya aina moja. Jina likiwa adimu, uwezekano wa kuwa na babu mmoja unapanda.

Sasa swali ambalo mimi binafsi naliona tamu kuliko yote: kwa nini jina liwe adimu? Watu wengi hudhani ni kwa sababu ukoo ulikuwa dhaifu, au ulipigwa na ugonjwa, au ulilaaniwa. Yawezekana. Lakini mara nyingi hapahitajiki sababu yoyote.

Chukua shilingi. Tuseme kila mwanamume anarusha shilingi mbili, na kila inayoangukia upande wa kichwa ni mtoto mmoja wa kiume. Kwa wastani kila mmoja atapata mwana mmoja, kwa hiyo idadi ya watu haipandi wala haishuki. Anza na wanaume 100, kila mmoja na jina lake. Katika kizazi cha kwanza, 25 hivi watapata shilingi mbili zisizo na kichwa. Hawana mwana, na majina yao yamekufa. Wakirusha wana waliobaki, kufikia kizazi cha pili majina 39 yameshapotea, na kufikia cha tatu ni 48, karibu nusu. Baada ya vizazi kumi yamekwenda 74. Baada ya vizazi 20, ambavyo ni kama miaka 600, yamebaki kama 15 tu. Wanaume wenyewe bado ni 100 kwa wastani, ila sasa wamegawana majina 15. Kuna jina lenye watu wengi na kuna jina lenye mtu mmoja anayesubiri kurusha shilingi zake. Hakuna ukoo uliokuwa bora. Ukiwa na wajukuu nyumbani na sarafu za kutosha, jioni moja inatosha kuliona jambo hili kwa macho.

Swali hili liliulizwa hadharani na mwanasayansi Mwingereza Francis Galton mwaka 1873. Alikuwa akisikitika kwamba majina ya watu mashuhuri yanapotea, na akataka kujua kama ni kwa sababu damu ya watu mashuhuri imedhoofika au ni bahati tu. Mwenzake Henry William Watson, kasisi na mwanahisabati, alimjibu, na mwaka 1874 wakachapisha pamoja. Galton huyu ndiye aliyebuni baadaye jina la itikadi ya kuchagua nani azae na nani asizae, itikadi iliyoleta balaa karne iliyofuata, na ni kichekesho kizuri kwamba hesabu aliyoiagiza yeye mwenyewe ilionyesha kwamba ukoo unaweza kufa bila kosa lolote la damu. Watson alikosea mahali pamoja: alihitimisha kwamba kila jina lazima life hatimaye, hata watu wakiwa wanaongezeka. Si kweli; watu wakiongezeka, baadhi ya majina huokoka. Mfaransa Bienaymé alikuwa na jibu sahihi tangu 1845, lakini kosa la Watson lilidumu zaidi ya miaka 50 kabla halijasahihishwa. Baadaye mtaalamu wa takwimu za watu, Alfred Lotka, kwa kutumia takwimu za Wamarekani weupe za mwaka 1920, alipata kwamba uwezekano wa mstari wa mwanamume mmoja kukatika hatimaye ni asilimia 82 hivi, na hiyo ni katika taifa lililokuwa likiongezeka.

Ukiipa hesabu hii muda mrefu zaidi unafika Asia. China imetumia majina ya ukoo kwa maelfu ya miaka, na leo Wang, Li na Zhang pekee wana zaidi ya mtu mmoja kati ya kila watano. Korea Kusini, sensa ya mwaka 2015 iliwahesabu akina Kim peke yao kuwa zaidi ya asilimia 21 ya watu wote. Huko kuna sababu nyingine pia, kama watu wa chini kujipa majina ya wakubwa, lakini shilingi imefanya kazi yake. Uingereza bado ni changa. Kamusi kubwa ya majina ya ukoo ya Uingereza na Ireland iliyotolewa Oxford mwaka 2016 ina majina zaidi ya 45,000, na ili jina liingie kwa uhakika lilitakiwa kuwa na watu zaidi ya 100 walio hai. Chini ya hapo ndipo yanapokaa majina adimu kwelikweli: yaliyopungukiwa na vichwa.

Turudi Yorkshire, maana kuna jambo nimeliruka. Saba kati ya 18 walikuwa na kromosomu ya Kiafrika. Wale 11 wengine je?

Wahenga walisema kitanda hakizai haramu. Mtoto aliyezaliwa kitandani mwa mwenye nyumba ni wa mwenye nyumba, na basi. Ni methali yenye huruma, na pia ina sheria ndani yake. Kromosomu Y haijui methali hiyo. Mahali popote ambapo mtoto alilelewa na baba wa kambo akachukua jina lake, au alichukua jina la mama kwa kuwa baba hakujulikana, au alizaliwa nje ya ndoa na watu wakanyamaza, jina liliendelea na kromosomu ikabadilika. Na hapo sijahesabu uwezekano kwamba jina lenyewe lilianzishwa na watu wawili au watatu tangu mwanzo.

Watu hupenda kukuza jambo hili. Ukisikiliza mazungumzo ya kijiweni utadhani nusu ya watoto si wa baba zao. Takwimu ni za upole zaidi. Maarten Larmuseau na wenzake huko Flanders, Ubelgiji, waliopima wanaume walio hai na kulinganisha na vitabu vya ubatizo, walipata kiasi cha asilimia 1 kwa kizazi. Mwaka 2019 walichambua zaidi wakaona kwamba kwa wakulima na mafundi wenye kipato ilikuwa kama nusu asilimia, na kwa maskini waliosongamana katika miji ya karne ya 19 ilifika asilimia 6 hivi. Umaskini, msongamano, mabinti wa kazi katika nyumba za watu: sidhani msomaji anahitaji maelezo zaidi. Lakini hata asilimia 1 hujilimbikiza. Kwa vizazi 20, mistari 18 kati ya 100 itakuwa imekatika mahali fulani. Ikiwa ni asilimia 2, itakatika 33. Kwa hiyo mtu asiyefanana na wenzake wa jina moja asimkimbilie mama yake kumuuliza maswali. Tukio lenyewe linaweza kuwa la mwaka 1640.

Hata wafalme hawakusalimika. Turi King ndiye aliyesoma vinasaba vya mifupa ya mfalme Richard III, aliyeuawa vitani Bosworth mwaka 1485 na kufukuliwa chini ya maegesho ya magari mjini Leicester mwaka 2012. Upande wa mama, kupitia dada yake Richard na mabinti wa mabinti, vinasaba vililingana na vya watu wawili walio hai. Upande wa baba, vilipolinganishwa na wanaume wa ukoo wa makabaila wa Beaufort, ambao kwa vitabu ni jamaa zake wa kiume, havikulingana. Kati ya Richard na kabaila wa Beaufort aliyetumika kama kiungo kulikuwa na hatua 19 za baba na mwana. Mahali fulani katika hizo 19, kitanda kilizaa.

Basi yule Mwafrika alifika lini? Wataalamu walipofuata vitabu vya parokia, wale wanaume saba waligawanyika katika matawi mawili, na mkubwa wa kila tawi aliishi Yorkshire mwishoni mwa karne ya 18. Karatasi haikuweza kuyaunganisha matawi hayo. Zile sehemu 77 za marudio ziliashiria kwamba yanaungana vizazi vichache nyuma ya hapo. Zaidi ya hapo ni dhana, na dhana ni mbili. Moja ni biashara ya utumwa: katika karne ya 18 Uingereza ilikuwa na watu weusi wasiopungua maelfu, wengi watumishi, mabaharia na watumwa walioletwa na mabwana zao kutoka visiwa vya Karibi. Nyingine ni Warumi. Kaskazini mwa nchi, kwenye ukuta wa Hadrian, kulikuwa na kikosi cha askari Wamoor wa Afrika Kaskazini katika karne ya 3, na Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo, alifia York mwaka 211 akiwa mfalme wa Dola ya Rumi.

Dhana ya Warumi inapendeza masikioni, lakini mimi naegemea ile ya kwanza, na sababu yangu ni ile ile shilingi. Tangu Severus hadi karne ya 18 ni zaidi ya vizazi 50. Mstari uliovuka mirusho yote hiyo kwa kawaida unakuwa umekufa, au umeenea katika majina na wilaya nyingi. Huu ulikutwa ndani ya jina moja adimu, mashariki ya Yorkshire, katika matawi mawili yanayokaribiana. Unafanana zaidi na mgeni wa juzi.

Msomaji atauliza: kama babu yao ni Mwafrika, weusi umekwenda wapi? Jibu ni hesabu ya darasa la nne. Una wazazi 2, mababu na mabibi 4, nyuma yao 8, na ukirudi vizazi kumi unapata nafasi 1,024. Mwafrika mmoja aliyekaa katika nafasi moja kati ya hizo amechangia sehemu ndogo mno ya umbo, ngozi na damu ya kitukuu wake wa mbali. Anaweza hata asiwe amechangia chochote, isipokuwa hiyo kromosomu Y ambayo haigawanyiki. Hapo ndipo ilipo nguvu ya jina la ukoo na hapo hapo ndipo ulipo uongo wake. Linafuata nafasi moja kati ya 1,024 kwa uaminifu mkubwa, na linanyamaza kuhusu 1,023.

Kuna upande wa jambo hili unaomgusa hata mtu asiyejali habari za mababu. Mwaka 2013, timu ya Yaniv Erlich katika Taasisi ya Whitehead huko Massachusetts, Marekani, ilichukua vinasaba vya watu waliojitolea kwa utafiti bila kutajwa majina. Ikasoma marudio ya kromosomu Y zao, ikayatafuta katika hifadhi za wazi za watu wanaosaka nasaba kwenye intaneti, ikapata majina ya ukoo. Ikaongeza umri na jimbo, taarifa ambazo hazikufichwa. Watu karibu 50 wakatambuliwa. Hapa jina adimu ni hasara: anayefichuliwa kuwa Smith bado amejificha kati ya maelfu, lakini mwenye jina la watu 200 ameshikwa kola. Na si lazima wewe mwenyewe uwe umewahi kutoa mate yako kokote. Inatosha binamu wa tatu, usiyemjua, amejipima kwa kujifurahisha.

Huku kwetu hesabu ya Leicester inakwama mlangoni, kwa sababu wengi wetu hatuna jina la ukoo la kudumu. Ali wa Haji akizaa Juma, mtoto ni Juma Ali Haji. Juma akizaa Hamisi, mtoto ni Hamisi Juma Ali, na Haji ameshaanguka nje ya karatasi. Fomu zinazodai "jina la ukoo" hupewa jina la babu, na kizazi kinachofuata hupewa babu mwingine. Lakini pwani kuna koo zilizoshika nisba, yaani jina la kuonyesha asili, kwa karne nyingi, na kuna jina moja kubwa ambalo wanasayansi wamelifikia kwa kupima mifupa: Mshirazi.

Masimulizi ya Kilwa yanasema wafalme wake walikuja kutoka Uajemi. Wanahistoria wengi wa mwishoni mwa karne ya 20 waliyachukulia kama hadithi ya kujipamba. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa mifupa ya watu 80, wengi wao kutoka miji ya pwani ya kati ya mwaka 1250 na 1800, ikiwemo Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara. Chapurukha Kusimba na David Reich walikuwa miongoni mwa walioongoza. Wengi wa waliozikwa huko walikuwa na asili mbili zilizoanza kuchanganyika kufikia mwaka 1000 hivi. Kromosomu Y zao kwa sehemu kubwa zilikuwa za Asia, hasa Uajemi. Vinasaba vinavyorithiwa kwa mama peke yake vilikuwa karibu vyote vya Afrika, na kwa jumla ya damu, upande wa Afrika kwa wengi ulizidi nusu.

Ni Yorkshire iliyogeuzwa ndani nje. Kule jina la Kiingereza lilificha baba wa Kiafrika. Huku nisba ya Kiajemi ilimtangaza baba na kumfunika mama. Masimulizi hayakudanganya, yalifuata nafasi moja tu, ile ya baba wa baba. Akina mama ambao hakuna nisba inayowataja ndio walioacha lugha hii ninayoiandikia, ya Kibantu kwa sarufi yake yote, na ndio waliotoa sehemu kubwa ya damu. Kwa hiyo ukikaa na bibi yako kumuuliza ukoo, usiridhike na orodha ya wanaume. Muulize mama yake aliitwa nani, na mama wa huyo mama, na alitoka kijiji gani. Andika kwenye daftari, na tarehe.

Kuhusu wale saba, kromosomu yao imevuka kutoka Afrika Magharibi hadi mashambani mwa Yorkshire kwa sababu katika kila kizazi palikuwa na angalau mtoto mmoja wa kiume. Yeyote kati yao aliyepata mabinti watupu, mstari huo kwake umekwisha.